Unga ya pampers na mavumbi ya karieri

Kwenye soko za Kalemie, mama akikosa pesa ya pakiti nzima ya pampers, ananunua moja tu, ya usiku. Anajua mutoto akivaa ile atalala paka asubuhi na kitanda hakitaloa. Lakini ni wachache wanaojiuliza kitu gani ndani inashika mikojo ya usiku muzima bila kuirudisha, hata mutoto akikalia juu yake. Wengi watajibu: pamba. Pamba iko kweli, ao kitu kinachofanana na pamba. Lakini pasua pampers mupya, ikung'ute polepole juu ya karatasi, utaona punje ndogo nyeupe zinaanguka, sawa chumvi ya kupikia. Hizo punje ndizo zinafanya kazi.

Tunaziandikia wachimbaji na jamaa zao kwa sababu moja. Ile unga inapita njia ile ile ambayo jiwe la coltan la Kisengo ao cassitérite ya Manono inapita: inapondwa, inachekechwa, kubwa inarudi kusagwa, ndogo sana inatengwa. Na kule kwenye kiwanda, kama huku kwetu, adui ni mavumbi. Tofauti ni kwamba wao wanayapima.

Jina lake ni polyakrilati ya sodiamu. Wenye viwanda wanaiita resini ya kunywa maji. Mwanzo wake ni petroli. Kwenye petroli wanatoa gazi ya propilini, gazi wanaigeuza kuwa asidi ya akriliki, maji makali yenye harufu kama ya siki. Hiyo asidi wanaichanganya na soda kostiki, ile ile ambayo mama wa kutengeneza sabuni anaijua na anaiogopa. Hawapunguzi ukali wa asidi yote. Karibu robo tatu inapunguzwa, robo inabaki vile. Kisha wanatia dawa ya kuanzisha, na molekuli zinaanza kushikana moja na ingine, minyororo mirefu mirefu, na hapa na pale minyororo inafungwa pamoja kwa fundo.

Fundo ndiyo siri yake. Fikiri wavu wa muvuvi wa ndagala. Ukiutupa majini, unafunguka, unajaa, lakini haupotei, juu ya fundo zake. Bila fundo, hii resini ingeyeyuka ndani ya maji sawa sukari. Na fundo zikizidi, wavu unakuwa mugumu, haufunguki, maji hayaingii. Kazi kubwa ya fundi wa kile kiwanda ni kupata kiasi cha fundo kinachofaa.

Gramu moja ya hii unga inaweza kushika gramu mia tatu na zaidi za maji safi. Mikojo inashika kidogo zaidi, karibu mara 30 ao 50 ya uzito wake, sababu mikojo iko na chumvi, na chumvi inafunga ule wavu. Watoto wa shule wanaweza kuona hii kwa macho. Tia kijiko kidogo cha zile punje ndani ya glasi, mimina maji polepole, ngoja dakika chache: utakuwa na kitu kama jeli, geuza glasi haimwagiki. Sasa nyunyizia chumvi juu, koroga: jeli inalegea, maji yanatoka tena. Fanya glasi mbili, moja ya maji ya mvua, ingine ya maji ya ziwa, na unga kiasi kimoja. Maji ya mvua yatashikwa zaidi. Ziwa Tanganyika linaonekana tamu mudomoni, lakini lina madini mingi yaliyoyeyuka ndani, na ile unga inayatambua kuliko ulimi wako. Ukimaliza, usimwage ndani ya bomba ya kutoa maji, itaziba. Na usipulize unga kwa mudomo. Tutafika pale.

Zamani watoto wa Kalemie walifungwa kwa kitambaa cha pamba. Wazee wanakumbuka Filtisaf, kiwanda chetu kilichosokota nyuzi na kufuma vitambaa hapa hapa muji, wakati ungali unaitwa Albertville na kisha. Pamba inashika maji katikati ya nyuzi, ukiikamua, yanatoka. Ndiyo maana nepi ya kitambaa inaloesha mgongo wa mama. Na pamba nayo ilikuwa na mavumbi yake. Kwenye viwanda vya nyuzi vya dunia nzima wafanyakazi walijua ugonjwa wa kifua ulioitwa homa ya Siku ya Kwanza, sababu ulibana zaidi mutu akirudi kazini baada ya kupumzika Siku ya Mungu. Kila unga iko na ugonjwa wake, tuseme hivyo.

Hii unga mupya ilianza Marekani, kwenye maabara ya wizara ya ukulima katika muji wa Peoria, ambako watafiti walikuwa wanatafuta matumizi ya wanga wa mahindi. Kati ya miaka ya 1960 na 1970 wakapata kitu kilichokunywa maji mara mamia ya uzito wake. Wao walifikiri mashamba ya kavu. Lakini Japani ndiyo ilifanya biashara: kampuni Sanyo Chemical ilianza kuiuza mwaka 1978, kwanza kwa kodeksi za wanawake, na katika miaka ya 1980 ikaingia ndani ya pampers. Ndiyo maana pampers ya leo ni nyembamba. Zile za zamani zilikuwa nene sawa muto. Leo inatengenezwa Japani, China, Marekani, na Ulaya pia. Muji wa Anvers huko Ubelgiji, ambao wazee wa Katanga wanaujua kama bandari iliyopokea shaba yetu, iko na viwanda vyake. Kampuni kama Softcare, yenye viwanda vya pampers Ghana, Kenya, Tanzania na Zambia, hutumia unga hii. Wao hawaichomi wala kuisaga, wanaimwaga tu kwenye mashini ya kushona pampers.

Turudi kwenye kiwanda cha resini yenyewe, sababu pale mchimbaji atajikuta nyumbani.

Kinachotoka kwenye mashini ya kwanza hakiko unga. Ni jeli yenye maji mingi, inavutika, sawa bukari iliyopoa. Wanaikatakata vipande vidogo kama nyama ya kusaga, wanaitandaza juu ya mukanda unaotembea, na hewa ya moto ya digri 150 paka 200 inapita ndani yake. Ikitoka pale ni ngumu na inavunjika, kama muhogo mukavu. Inaenda kwenye mashini ya kusaga yenye magurudumu mawili yanayobana, kisha kwenye chekeche, moja juu ya ingine. Wanataka punje za kati ya mikromita 150 na 850. Mikromita ni milimita moja uliyoigawanya mara elfu. Kwa hiyo punje kubwa inayokubaliwa haifiki milimita moja, na ndogo ni kama sehemu ya saba ya milimita. Iliyobaki juu ya chekeche ya kwanza inarudi kusagwa. Iliyopita chekeche ya mwisho, ile fini, ndiyo shida.

Kwa nini fini ni shida? Wachimbaji wanaoosha madini wanajua jibu. Maji yanapita haraka katika muchanga. Katika udongo wa mufinyanzi yanasimama. Punje zikiwa ndogo sana, zikivimba zinashikana zote pamoja, zinafanya kama ukuta, na mikojo ya mutoto inapita pembeni. Basi fini haiuziki. Lakini hawaitupi. Wanailowesha, wanaifanya tena uvimbe, wanairudisha mwanzoni kuchanganyika na jeli mupya. Hesabu ni rahisi: kila kilo ya mavumbi ni kilo ya petroli na umeme uliokwisha kulipwa.

Punje nzuri, kabla ya kuuzwa, wanazipaka dawa na kuzipitisha motoni tena ili ganda la nje likaze, sawa mukate: nje ngumu, ndani laini. Juu ya hilo ganda, mutoto wa kilo kumi anaweza kukaa juu ya pampers iliyojaa na punje hazipondeki kuwa uji. Na ndiyo sababu usafiri ndani ya kiwanda ni jambo la akili. Unga inasukumwa na hewa ndani ya mabomba, kutoka mashini hadi tanki, kutoka tanki hadi mifuko. Hewa ikienda mbio, punje zinagonga kona za bomba, ganda linavunjika, na fini inazaliwa upya, baada ya kazi yote ya kuichekecha. Kwa hiyo wanaisukuma polepole, ikiwa nzito ndani ya bomba, na kona wanazifanya pana. Ni jambo ambalo kwenye karieri halisemwi: kila mara unapohamisha kitu kikavu, kukimwaga kutoka juu, kukitupa kwa mpauro, unatengeneza mavumbi mapya ambayo hayakuwapo asubuhi.

Mifuko yenyewe ni mikubwa, ya karibu tani moja, na ndani iko na plastiki, sababu hewa ya maji tu inatosha kuifanya ishikane mabonge. Ikimwagika chini, hawaoshi kwa maji. Mutu akitia maji pale, sakafu inakuwa kama mlenda, wafanyakazi wanaanguka, na bomba za kutoa maji zinaziba. Wanainyonya na mashini kama ile ya kusafisha zulia. Hata ufagio hawaupendi. Ufagio unapandisha mavumbi kwenye pua ya mwenye kufagia.

Sasa mapafu. Punje ya mikromita 150 haifiki mbali ndani ya mutu. Pua na koo zinaikamata. Hatari iko kwa ile ndogo kuliko mikromita kumi, ambayo jicho haliioni isipokuwa ikipita kwenye mwale wa jua. Hiyo inashuka paka chini kabisa ya mapafu. Watafiti walipovutisha panya hii unga iliyosagwa laini sana, kwa maisha yao yote, wale waliopewa kipimo cha juu mapafu yao yalivimba na mwisho wengine wakapata uvimbe wa kansa. Haimaanishi mutu atapata hivyo. Lakini ilitosha kwa wenye viwanda kuweka mupaka. Ujerumani iliweka miligramu 0.05 ya yale mavumbi madogo ndani ya meta kyubu moja ya hewa. Fikiri sanduku la meta moja kila upande, limejaa hewa. Ndani yake, mavumbi yote yanayoruhusiwa yana uzito kama wa punje moja ya chumvi laini ya mezani. Punje moja, iliyosagwa na kutawanywa ndani ya sanduku zima.

Kumbuka hiyo namba, 0.05. Sababu ni namba ile ile Marekani iliweka kwa mavumbi ya silika, mwaka 2016 kwa viwanda na ujenzi, na mwaka 2024 sheria ikaandikwa kwa migodi pia, kwa zamu ya saa nane. Silika ni nini? Ni lile jiwe jeupe, gumu, linalong'aa kama chupa, mnaloliita kwarisi. Mawe ya Manono yenye cassitérite, coltan na lithium yamejaa kwarisi. Ya dhahabu vilevile, mara nyingi dhahabu iko ndani ya mushipa wa kwarisi. Na huku kwetu jiwe hilo linatwangwa kavu, kwa nyundo ao kwa muchi wa chuma ndani ya kinu cha chuma, mutu ameinama juu yake, mudomo uko wazi juu ya kazi nzito.

Hapa mutu wa kalamu anaruhusiwa kusema anachofikiri. Kuna mama anayetwanga mawe huku mutoto yuko mgongoni. Mutoto amevaa pampers. Unga iliyo ndani ya ile pampers, huko ilikotengenezwa, ilipita ndani ya mabomba yaliyofungwa, mashini za kunyonya zilikaa juu ya kila mahali inapomwagwa, na fundi aliyekaribia alivaa kinga ya mudomo iliyochaguliwa kwa namba. Mavumbi ambayo mutoto anavuta juu ya bega la mama yake hakuna aliyeyapima. Na kati ya hizo mbili, yenye kuua zaidi ni ya kwarisi. Resini ya pampers ni laini, imejaa maji. Kwarisi ni kioo. Ikifika mapafuni haitoki, mapafu yanajifunga makovu kuizunguka, na makovu hayaponi. Ugonjwa unaitwa silikosi. Haina dawa. Na mwenye silika kifuani anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko jirani yake, ndiyo maana kwenye familia za wachimbaji kikohozi cha baba kinafika kwa watoto.

Wale wanaofikiri mavumbi yanabaki karieri wakumbuke Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Watu walileta mawe ya dhahabu kijijini, wakayasaga kavu, wengine kwa mashini ya kusagia unga wa chakula. Mawe yalikuwa na risasi ndani. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Watoto wale hawakuingia shimoni hata siku moja.

Tusidanganye pia kwamba viwanda vya resini viko mbinguni. Ile asidi ya akriliki, kabla ya kuwa jeli, ni mnyama wa kufugwa kwa macho mawili. Ikipoa sana inaganda. Ikipata joto inaanza kujifunga yenyewe, na kujifunga kunatoa joto, na joto linazidisha kujifunga. Tarehe 29 mwezi wa tisa 2012, huko Himeji, Japani, kwenye kiwanda cha Nippon Shokubai, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa hii resini duniani, asidi ya sehemu ya juu ya tanki moja haikuzungushwa ili ipoe. Ikapata joto. Wazima moto walifika, wakaanza kumwaga maji, na tanki ikapasuka mbele yao. Muzima moto mmoja alikufa, watu 36 wakaumia. Kila mutu aliyefanya kazi na baruti shimoni ataelewa vizuri ile dakika.

Nyumbani, mama asiogope pampers. Punje zikitoka na kushika ngozi ya mutoto kama jeli, zipanguse kwa kitambaa cha maji, basi. Mutoto akimeza punje chache, mara nyingi haina neno, lakini asiachiwe kutafuna pampers. Kitu cha kuogopa ni zile goroli ndogo za rangi zinazouzwa kama muchezo ao mapambo, zinazovimba ndani ya maji. Ni resini ya jamaa moja, lakini ni goroli nzima: ikimezwa inavimba ndani ya matumbo na kuyaziba. Marekani imeshapoteza mutoto kwa hiyo. Usizilete nyumba yenye mutoto mudogo.

Na pampers iliyotumika? Haiyeyuki ndani ya choo, inajaza shimo mbio na kuzuia gari la kunyonya. Ndani ya ziwa haiozi. Miaka hii ziwa limepanda na kuingia barabarani na ndani ya nyumba za ukingoni, kilichotupwa kinarudi mlangoni. Toa mavi ndani ya choo, funga ile pampers, zika shimo la peke yake mbali na kisima.

Karieri sasa. Dawa ya kwanza ya mavumbi ya kwarisi ni maji, na maji hayauzwi na kampuni. Lowesha jiwe kabla ya kulivunja, na tena katikati. Ponda likiwa limeloa, chekecha likiwa limeloa kama madini yanaruhusu. Kitambaa cha kawaida juu ya mudomo kinazuia muchanga wa kuonekana, yale madogo yanapita; kinga ya kweli ni ile yenye alama FFP2 ao N95, ikibana uso vizuri, na ndevu zinaiharibu. Usimwage mufuko kutoka juu. Kaa upande upepo unaotoka. Nguo za kazi zikung'utwe nje, zisilale chumba kimoja na watoto, na mutoto asikae mgongoni mwa mwenye kutwanga. Amwachie dada ao nyanya mbali, upande wa juu wa upepo. Watumishi wa SAEMAPE, kazi yao kwa sheria ni kusaidia wachimbaji wadogo. Waulizwe juu ya mavumbi kama vile wanavyoulizwa juu ya makaratasi.

Kikohozi kikipita wiki mbili, usinunue dawa ya kikohozi barabarani. Nenda kituo cha afya wapime makohozi; dawa za kifua kikuu za programu ya taifa zinatolewa bure. Na ukifika mbele ya infirmier, usiseme tu "ninakohoa". Mwambie unavunja mawe, mawe ya namna gani, tangu mwaka gani, kavu ao na maji, na nani ndani ya nyumba anakohoa pia. Bila hiyo ataandika malaria na mafua, utarudi na vidonge.